024, 255 na ile 259 isiyowahi kuita: nambari ya simu ya Zanzibar na historia yake

Shangazi yangu ameishi Muscat zaidi ya miaka thelathini. Juzijuzi alitaka kupiga simu ya mezani ya ofisi moja Chake Chake, Pemba, kuulizia hati za shamba la marehemu baba yake. Alihangaika nayo asubuhi nzima, mwisho akanipigia mimi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hizo nambari za huko mmezibadilisha lini? Kila nikipiga naambiwa nambari si sahihi."

Nikamwomba anisomee anachopiga, tarakimu moja moja. Kumbe alikwishajaribu njia tatu. Ya kwanza aliitoa kwenye daftari lake la zamani, ambamo Zanzibar imeandikwa 054. Ya pili ilitoka kwenye orodha ya misimbo ya nchi aliyotumiwa na jamaa kwenye simu, na humo Zanzibar imewekewa 259. Ya tatu alianza vizuri, 00255, kisha akaendelea na 024 kama ilivyoandikwa kwenye kibao cha ofisi yenyewe. Zote tatu zikagoma.

Nilitamani kumjibu kwa sentensi moja, nikashindwa. Kila kosa kati ya hayo matatu lina asili yake, na asili ya 259 inagusa jambo ambalo Wazanzibari hulizungumza kwa hisia kali kila inapokaribia tarehe 26 Aprili. Orodha kama ile aliyotumiwa shangazi huzunguka sana mitandaoni. Wapo wanaoishika kama ushahidi kwamba Zanzibar ilinyang'anywa nambari iliyokuwa ikiitumia. Wapo wanaosema 259 ni uzushi mtupu, haijapata kuwepo. Pande zote mbili zimekosea, na ukweli wenyewe una ladha kuliko madai yote mawili.

Kwanza, nambari inasomwaje

Msimbo wa nchi, ambao mitaani tunauita kodi ya nchi, ni tarakimu moja hadi tatu zinazoiambia mitambo ya simu popote duniani kwamba simu hii ielekezwe nchi fulani. Wa Tanzania ni 255. Baada yake huja msimbo wa eneo, unaoonyesha ni upande gani wa nchi. Wa Zanzibar, yaani Unguja na Pemba pamoja, ni 024. Mwisho huja nambari ya mteja mwenyewe, ambayo kwa simu za mezani za Tanzania ina tarakimu saba.

Mtu aliyezoea mjini Unguja akiona daladala 505 anajua inakwenda Uwanja wa Ndege, na akiona 502 anajua ni ya Bububu. Nambari ile haimwambii dereva ni nani wala gari ni la nani. Inamwambia njia tu. Msimbo wa simu nao ni njia. Mtambo wa Muscat hauijui Chake Chake na hauna haja ya kuijua. Unachojua ni kwamba kinachoanza na 255 kinakwenda Tanzania, basi unakikabidhi. Tanzania ikishapokea ndiyo inayotazama 24 na kuipeleka simu Zanzibar, na Zanzibar ndiyo inayosoma zile tarakimu saba za mwisho hadi kuifikia meza ya karani. Kila mmoja anasoma kipande chake na kupitisha kilichobaki, kama barua inavyopita posta ya nje, posta ya mji, hadi kwenye sanduku.

Kwa simu za mezani, Tanzania imegawanywa maeneo saba. Dar es Salaam ni 022. Pwani, Morogoro, Lindi na Mtwara wanatumia 023. Zanzibar 024. Mbeya, Rukwa na Ruvuma 025. Dodoma, Singida, Tabora na Iringa 026. Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Tanga 027. Mwanza, Mara, Kagera, Kigoma na Shinyanga 028. Mikoa iliyozaliwa baadaye, kama Njombe na Geita, ilibaki na msimbo wa mikoa mama. Ukiitazama orodha hiyo vizuri utaona ni wawili tu wasiochangia msimbo na jirani: jiji la Dar es Salaam, kwa sababu ya wingi wa simu zake, na Zanzibar, ambayo mikoa yake mitano ya visiwa viwili imekusanywa chini ya 024.

Hata ndani ya 024 kuna mpangilio. Nambari za mezani za mjini Unguja kwa kawaida huanza na 223, na za Pemba huanza na 245. Kwa hiyo mtu anayejua kusoma nambari, akiiona tu kwenye barua, anaweza kukwambia imeandikwa kutoka kisiwa kipi. Kumbuka hizo 223 na 245, maana tutazirudia.

Nambari iliyoandikwa ikabaki kwenye karatasi

Miaka ya 1960, simu za kimataifa zilipoanza kutafutiwa njia ya kupigwa moja kwa moja bila kupitia kwa opereta, ITU, shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia mawasiliano ya simu, liligawa dunia katika kanda. Tarakimu ya kwanza inataja kanda: 1 ni Amerika ya Kaskazini, 3 na 4 ni Ulaya, 7 ilikuwa ya Umoja wa Kisovieti, 9 inachukua Mashariki ya Kati na sehemu kubwa ya Asia ya Kusini, ndiyo maana Oman ni 968. Afrika ilipewa 2. Misri ikapata 20 na Afrika Kusini 27, misimbo mifupi ya tarakimu mbili. Nchi nyingine zikapewa tarakimu tatu.

Sasa tembea na orodha upande wetu. Kenya 254. Tanzania 255. Uganda 256. Burundi 257. Msumbiji 258. Kisha ruka moja, Zambia 260. Ile iliyorukwa ndiyo 259, na kwenye orodha ya ITU iliandikwa jina la Zanzibar.

Kwa hiyo wanaosema ni uzushi wamekosea. Nambari iliwekwa kweli, na si vigumu kuona kwa nini. Zanzibar ilipata uhuru kutoka kwa Uingereza tarehe 10 Desemba 1963, na tarehe 16 Desemba ikaingia Umoja wa Mataifa siku moja na Kenya. Mapinduzi yakafuata tarehe 12 Januari 1964, ikawa Jamhuri ya Watu wa Zanzibar. Muungano na Tanganyika ukaja tarehe 26 Aprili 1964. Katika miezi ile michache dunia iliitambua Zanzibar kama nchi yenye kiti chake, na miaka ile ile ndiyo ambayo wahandisi wa simu walikuwa wakigawa nambari.

Lakini wanaosema Zanzibar ilikuwa ikiitumia 259 kisha ikanyang'anywa nao wamekosea. 259 haikupata kuanza kazi. Hakuna bibi wa Mkunazini aliyewahi kupigiwa na mwanawe wa ughaibuni kwa 259. Zanzibar ilipounganishwa na simu za kupigwa moja kwa moja kutoka nje, iliunganishwa kupitia 255.

Sababu ipo kwenye Hati za Muungano zenyewe. Mambo ya Muungano ya mwanzo yalikuwa 11, na la mwisho katika orodha ile lilikusanya bandari, usafiri wa anga, posta na simu. Yaani tangu siku ya kwanza simu iliwekwa mikononi mwa Jamhuri ya Muungano, sambamba na ulinzi, uraia na mambo ya nje. Mtu anaweza kuunga mkono uamuzi ule au kuupinga, na mjadala wa mambo ya Muungano haujakwisha hadi leo. Ila asiyejua kwamba simu ilikuwemo kwenye orodha ya 1964 hawezi kuielewa 024 hata kidogo.

Utekelezaji wenyewe ulikwenda polepole, na ushahidi wake wanao wakusanyaji wa stempu. Zanzibar iliendelea kutoa stempu zake hadi 1967, miaka mitatu baada ya Muungano, ndipo barua zake zikaanza kubandikwa stempu za pamoja za Kenya, Uganda na Tanzania. Ukiijua habari hiyo ya stempu, haikushangazi tena kukuta orodha ya simu ya miaka ile inaiandika Zanzibar peke yake.

Leo 259 haina mwenyewe. Haikupewa nchi nyingine, na ukiipiga haiendi popote, hata ubadili mtandao mara kumi.

Hapa napenda kutulia kidogo, kwa sababu ndipo mabishano yanapochemka. Wengi huichukulia nambari ya simu kama bendera: ukiwa na msimbo wako wewe ni nchi, usipokuwa nao si nchi. Mambo hayako hivyo. Marekani na Canada zinatumia 1 kwa pamoja, wala hakuna anayesema Canada ni mkoa wa Marekani. Urusi na Kazakhstan zinatumia 7. Vatican ilitengewa 379 lakini simu zake bado zinapitia 39 ya Italia, kwa msimbo wa jiji la Rome, na bado Vatican ni dola inayopokea mabalozi. Kama kuna ndugu wa 259 duniani, ni hiyo 379: imeandikwa kwenye orodha, haiiti.

Kinyume chake kipo hapa jirani. Comoro na Mayotte zilitumia 269 pamoja kwa miaka mingi, ilhali Mayotte ilibaki chini ya Ufaransa tangu Comoro ilipojitangazia uhuru mwaka 1975. Mwaka 2007 Mayotte ikahamia 262, msimbo wa Réunion. Kwa miaka yote ile Mngazija na Mmaore walikuwa na kodi moja ya simu na pasipoti mbili tofauti. Sudan Kusini nayo ilipata 211 mwaka 2011, ilipokuwa nchi huru. Somaliland, inayojitangaza huru tangu 1991, bado inapigiwa kwa 252 ya Somalia. Ukipanga mifano hiyo yote pamoja utaona kwamba msimbo mpya huja baada ya mambo ya kidola kutambuliwa na nchi nyingine, na wakati mwingine haubadiliki hata yakishatambuliwa. Anayetaka kujadili hadhi ya Zanzibar ana Katiba mbili za kusoma, ya Muungano na ya Zanzibar. Orodha ya misimbo ya simu haitamsaidia.

Na hata ndani ya mawasiliano yenyewe mpaka haukupita sawasawa. Simu ni ya Muungano na inasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Redio na televisheni za Zanzibar ziko chini ya Tume ya Utangazaji Zanzibar, chombo cha Serikali ya Mapinduzi. Ukikaa barazani Michenzani huku redio inasema na simu inaita, vitu viwili vilivyo mbele yako vinasimamiwa na mamlaka mbili. Watu wengi hawalijui hilo, na nadhani ndiyo sababu tunachanganya mambo.

Ya daftari la zamani: 054

Zanzibar si mgeni wa waya. Mwaka 1879 kampuni ya Eastern and South African Telegraph ilipitisha waya wa telegrafu chini ya bahari kutoka Aden hadi Zanzibar, ukaendelea Msumbiji na Durban. Jengo la Shangani lililokuja kuitwa Extelecoms, linalotazama bahari, lilikuwa la shughuli hizo, na leo ni hoteli ya Serena. Watalii wanaokunywa chai pale barazani wamekaa mahali ambapo habari za Afrika Mashariki zilikuwa zikitoka kwenda duniani kwa nukta na vistari.

Simu zenyewe, kwa muda mrefu, zilikuwa za pamoja na majirani. Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki lilihudumia Kenya, Uganda na Tanzania hadi Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ikabeba vifaa vyake. Tanzania ikawa na shirika lake moja la posta na simu, ambalo sheria ya mwaka 1993 ililigawa. Upande wa simu ukawa TTCL.

Enzi hizo misimbo ya maeneo ilikuwa mingi kuliko sasa, na mji mkubwa ulikuwa na wake. Dar es Salaam ilikuwa 051, Tanga 053, Zanzibar 054, Moshi 055, Arusha 057, Dodoma 061, Mwanza 068. Urefu wa nambari za wateja nao haukuwa mmoja. Dar es Salaam walikuwa na tarakimu sita, Zanzibar tano. Mtu wa Wete alipompa mtu wa Kariakoo nambari yake, huyu wa Kariakoo alidhani imekatika.

Mpangilio ule ulitosha wakati simu ni ya mezani na opereta yupo mmoja. Miaka ya 1990 zikaingia kampuni za simu za mkononi, kila moja ikihitaji fungu lake la nambari, mamilioni kwa mamilioni. Karibu na mwaka 2000 simu za mezani zote zikahamishiwa kwenye 02, wateja wakapewa tarakimu saba nchi nzima, na mafungu ya 06 na 07 yakaachiwa simu za mkononi. Ndiyo maana leo ukiona 068 husemi huyu ni wa Mwanza. Fungu hilo ni la mtandao wa simu za mkononi, na mwenye nambari anaweza kuwa Masasi au Micheweni. Mwanza ya mezani imehamia 028.

Kwa Zanzibar mageuzi yalifanywa kwa utaratibu ambao ukishaujua unaweza kuisoma nambari ya kale bila taabu. Nambari ya Unguja ya tarakimu tano iliongezewa 22 mbele. Iliyokuwa ikianza na 3 mjini ikawa inaanza na 223. Nambari ya Pemba iliongezewa 24, hivyo iliyokuwa ikianza na 5 ikawa inaanza na 245. Hizo ndizo 223 na 245 nilizozitaja mwanzo. Zile tarakimu tano za zamani hazikufutwa, zimo humo humo ndani, zimetanguliwa na mbili mpya tu.

Kwa hiyo daftari la zamani usilitupe. Waya unaweza kuwa umekatwa siku nyingi, mwenyewe anaweza kuwa amehama au ametangulia mbele ya haki, lakini nambari yenyewe inasomeka.

Sifuri inayowaponza watu wa nje

Kosa la tatu la shangazi ndilo la kawaida kuliko yote, na lawama si yake.

Ile 0 ya mwanzo kwenye 024 si sehemu ya msimbo wa eneo. Ni lango. Ukiwa ndani ya Tanzania ukibonyeza 0, unauambia mtambo: natoka nje ya eneo langu lakini sitoki nje ya nchi. Baada ya hapo ndipo 24 inasomwa. Anayepiga kutoka nje ya nchi amekwishapita lango jingine kubwa zaidi, lile la 00 au alama ya kujumlisha, na 255 imekwishamwingiza Tanzania. Akibonyeza tena 0 ni kama mgeni aliyekwishakaa sebuleni kisha akabisha hodi. Mtambo unakutana na tarakimu usiyoitarajia na unaikata simu.

Hesabu ni rahisi. Ndani ya nchi nambari kamili ina tarakimu 10: 0, kisha 24, kisha saba. Kutoka nje zinakuwa 12 baada ya alama ya kujumlisha: 255, kisha 24, kisha saba. Ukihesabu ukapata 13, bila shaka umeiacha ile sifuri ndani. Kanuni hiyo inafanya kazi kwa 022 ya Dar es Salaam, inafanya kazi kwa 07 ya mkononi, na inafanya kazi Kenya pia, ambako Nairobi ni 020 na Mombasa ni 041.

Kwa nini basi watu wanakosea? Kwa sababu kila nchi ina desturi yake. Oman haina misimbo ya maeneo wala sifuri ya lango. Ni 968 kisha tarakimu nane, basi. Mtu aliyekulia kwenye mfumo huo anaona nambari kwenye kibao anaipiga kama ilivyo, hana sababu ya kujua kwamba tarakimu moja hutolewa. Italia ndiyo imezidi kuchanganya: wao simu za mezani hupigwa pamoja na sifuri hata kutoka nje, kwa hiyo Rome ni 39 06. Jamaa yetu aliyeko Italia akizoea hivyo, akipiga Zanzibar anaibakiza sifuri na anaamini simu ya nyumbani imeharibika.

Wenye ofisi, hoteli na maduka nao wanachangia. Wanaandika +255 (0)24 kwenye vibao na kadi zao, wakidhani mabano yatamfahamisha msomaji. Msomaji anayejua hakuhitaji mabano, na asiyejua anapiga yote. Andikeni mistari miwili: 024 kwa aliyeko nchini, +255 24 kwa aliyeko nje. Au andikeni huo wa pili peke yake, maana simu ya mkononi iliyoko Tanzania inaupiga bila tatizo.

Na 0777 je?

Ukimuuliza kijana wa Mjini Magharibi kodi ya Zanzibar, huenda asikutajie 024. Atasema 077. Nalielewa jibu hilo, kwa sababu Zantel ilianzishwa Zanzibar mwaka 1999, fungu lake likawa 077, na kwa miaka mingi nambari ya 0777 ilikuwa kama kitambulisho cha Mzanzibari hata akiwa Kinondoni. Lakini 077 haikuwa ya Zanzibar. Ilikuwa ya kampuni. Msimbo wa simu ya mkononi unataja fungu alilopewa mtoa huduma, hautaji mkoa, na laini ya 077 inaita vizuri Bukoba kama inavyoita Bumbwini.

Hata hilo la kampuni limelegea. Tangu tarehe 1 Machi 2017, mtu Tanzania anaweza kuhama mtandao bila kubadili nambari. Tarakimu za mwanzo zinakwambia nambari ilizaliwa wapi, hazikwambii inalala wapi sasa. Hili lina uzito kwenye pesa. Anayetuma fedha kwa kutazama 077 au 075 peke yake na kukisia mtandao anaweza kukosea. Asome jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Na kwa simu zinazodai kutoka ofisi za serikali, kuona 024 kwenye kioo hakutoshi kumwamini anayezungumza, kwani nambari inayoonekana inaweza kughushiwa. Kata, kisha piga mwenyewe kwa nambari unayoijua.

Liko jingine dogo linalochanganya wenye ndugu Mombasa na Kampala. Katika nchi tatu za Jumuiya ya awali ipo njia ya mkato: 005 kwa Kenya, 006 kwa Uganda, 007 kwa Tanzania, bila kupitia 254, 256 wala 255. Mtu wa Mombasa aliyeandika Zanzibar kama 007 24 hakukosea, ila nambari hiyo inafaa Kenya na Uganda tu. Ukiichukua ukaenda nayo Dubai haitakufikisha. Kama mtandao wako haukubali mkato huo, rudi kwenye nambari kamili.

Nilimweleza shangazi haya yote, si kwa mpangilio huu, maana alikuwa akinikatiza kwa maswali, na suala la 259 lilitupeleka hadi kwenye habari za marehemu babu na siku za 1964. Mwishoni tukairudia nambari yake. Nikamwambia afungue lile daftari la zamani, aache 054, anisomee zile tano zilizobaki. Zilianza na 52. Nikamwambia atangulize 24. Kisha nikamwomba anisomee nambari iliyo kwenye kibao cha ofisi, bila ile 024 ya mwanzo.

Alisoma nusu akanyamaza. "Mbona ni ile ile?"

Ilikuwa ile ile. Alikuwa nayo kwenye daftari tangu kabla mimi sijaanza skuli. Akapiga 00, 255, 24, na zile saba. Iliita muda mrefu kidogo, kisha karani wa Chake Chake akapokea.